Ramani ya Mafuta ya Ubongo

Ndugu wahadhiri, wanafunzi, na wageni wetu mliosafiri kutoka Iringa hadi hapa Mbeya: aliyewahi kushika ubongo wa ng'ombe buchani anajua jinsi unavyoteleza na kuacha utando wa mafuta vidoleni. Takriban nusu ya uzito mkavu wa ubongo ni lipidi, yaani mafuta na molekuli za jamii yake, nami nataka tuulize lipidi ipi inakaa wapi.

Njia iliyozoeleka ni kusaga tishu na kuyeyusha mafuta yake, ambapo kiasi hujulikana lakini mahali hupotea, sawa na kumwaga mahindi ya Mbozi na ya Ludewa katika mashine moja kisha kuuliza unga upi umetoka wapi. Mwaka 1997 Richard Caprioli na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli, inaweza kuchora ramani ya molekuli za tishu isiyosagwa. Ubongo uliogandishwa hukatwa vipande vyembamba, mara nyingi vya maikromita 10 hivi, vikabandikwa kwenye slaidi na kupuliziwa kemikali inayofyonza mwanga wa leza. Leza hupiga nukta baada ya nukta, na kila pigo hung'oa ioni, yaani molekuli zenye chaji ya umeme, ambazo mashine huzitenganisha kwa uwiano wa tungamo na chaji.

Tazameni picha hii ya ubongo wa panya. Katika grafu ya mashine kila aina ya ioni huonekana kama kilele; hapa tumechagua kilele kimoja tu cha ioni hasi, chenye uwiano wa tungamo na chaji karibu na 888.6, ambacho ni cha salfatidi, lipidi iliyojaa katika mielini inayofunika nyuzi za neva. Daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo linang'aa lote, ilhali gamba la kijivu lililo juu yake limebaki giza, na hatukutia rangi yoyote katika tishu. Kila ninapoiona picha hii moyo wangu hufurahi.

Hata hivyo, lipidi mbili zenye tungamo moja huonekana kama moja, kwa hiyo jina la kilele lazima lithibitishwe kwa kuivunja ioni na kupima vipande vyake. Jambo linaloniumiza zaidi ni sampuli. Vipande vilivyohifadhiwa kwa formalini na nta, kama vilivyo vingi katika maabara zetu za patholojia, vimekwisha kuoshwa na alkoholi na zailini, na sehemu kubwa ya lipidi imeondoka na kemikali hizo. Tena baada ya kifo vimeng'enya huendelea kukata fosfolipidi, yaani lipidi zenye fosfati, na kuachia asidi za mafuta. Anayetaka kuianza kazi hii hapa kwetu asitangulize kuulizia bei ya spektrometa. Atafute kwanza friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta ya kuilinda umeme unapokatika.