Pesa za Simu: Nani Aliufungua Mlango?

MWANAISHA: Karibuni tena kipindini. Mimi Mwanaisha, niko Mombasa.

BARAKA: Na mimi Baraka, Dar es Salaam. Leo ni pesa za simu, na suala ambalo tumelibishania wiki nzima: kampuni moja ikishika soko karibu lote, serikali iingie kati au ikae pembeni?

MWANAISHA: Nianze na jambo ambalo vijana wengi hawakulikuta. Kabla ya 2018 hapa Kenya, wewe una M-Pesa, ile ya Safaricom, mamako yuko mtandao wa Airtel. Ukimtumia pesa, haziingii kwenye simu yake. Anapata ujumbe wenye namba. Achukue ule ujumbe na kitambulisho, aende mpaka kwa ajenti wa M-Pesa, ndipo ahesabiwe noti zake. Na wewe uliyetuma umekatwa zaidi kuliko kama ungemtumia mtu wa Safaricom. Sasa ajenti yuko mbali, mama ana magoti. Utamwambia nini? "Mama, nunua laini ya Safaricom." Hakuna aliyeshikiwa fimbo, lakini watu walihama.

BARAKA: Hilo nalikubali. Ila dada, turudi nyuma kidogo, Machi 2007. M-Pesa inazinduliwa na Kenya haina sheria hata moja ya pesa za simu. Benki Kuu ingeweza kusema subirini kwanza tutunge sheria. Haikusema hivyo. Iliwaandikia Safaricom kwamba haina pingamizi, ikataka hela za wateja zitengwe benki kwenye akaunti ya dhamana, kazi ikaanza. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, kanuni zake 2014. Miaka saba hiyo! Na mwishoni mwa 2008, mabenki yakiwa yanalalamika, Waziri wa Fedha aliagiza mfumo ukaguliwe. Ukakaguliwa, ukaonekana uko salama. Sasa jiulize, ingekuwaje kama serikali ingewasikiliza mabenki ikaufunga? Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki wangekuwa wanatuma hela kwa kondakta wa basi mpaka leo. Ndiyo maana kila nikisikia "mdhibiti aingilie" nashtuka.

MWANAISHA: Na una haki ya kushtuka. Lakini kuachwa uanze ni jambo moja, kuachwa uwafungie wenzako ni jambo jingine. Mwangalie ajenti wa wakati ule. Kibanda amekodi mwenyewe, floti, yaani hela ya kuhudumia wateja, ameweka mwenyewe, binti anayekaa dirishani anamlipa yeye. Kimepakwa rangi ya kijani juu hadi chini. Anakuja mteja wa Airtel anataka kutoa mia tano, na ajenti hawezi kumhudumia, kwa sababu mkataba wake na Safaricom unamkataza kufanya kazi ya mtandao mwingine. Airtel ikapeleka malalamiko kwenye Mamlaka ya Ushindani. Julai 2014 kile kifungu kikaondolewa. Niambie, soko huria lingekiondoa lini?

BARAKA: Safaricom nayo ilikuwa na lake la kusema. Mawakala wale ilianza kuwatafuta wakati hakuna mtu aliyeamini kwamba hela inaweza kukaa ndani ya simu. Iliwafundisha, iliwatangaza, ilibeba hasara ya mwanzo. Leo mshindani aje avune? Ukimzoesha mwekezaji kwamba akifanikiwa utamnyang'anya, kesho hatakuja.

MWANAISHA: Hoja hiyo ingeniingia mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Mwaka wa saba, gharama za kumfundisha ajenti zimesharudi mara nyingi. Kilichobaki pale ni uzio tu.

BARAKA: Haya, njoo huku kwetu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane hela moja kwa moja, simu kwa simu. Miaka minne kabla yenu! Na hawakupewa amri. Walikaa mezani wenyewe wakapanga nani anamlipa nani kwa kila muamala, na hela ikienda kwa mtu asiye wake, nani anashughulika kuirudisha. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa karibu, inafuatilia, lakini haikushika bakora. Pita Kariakoo uone matunda yake. Wakala ana mwamvuli na kimeza, juu ya meza simu ndogo za vitufe zimepangwa, kila moja na mtandao wake, na daftari limefungwa kalamu kwa uzi. Unataja mtandao wako, anainua simu inayohusika. Hakuulizi kwa nini uko huko.

MWANAISHA: Na Vodacom iliingia lini kwenye hayo makubaliano?

BARAKA: 2016.

MWANAISHA: Na 2014 nani alikuwa mkubwa kuliko wote?

BARAKA: Vodacom.

MWANAISHA: Basi umenisaidia, kaka. Mkubwa ndiye aliyekuja mwisho, na huko kwenu hata hajafika pa kulimeza soko. Wale watatu walikuwa wanahitajiana, kila mmoja alikuwa anapoteza muamala kwa sababu ya ukuta. Hapa kwetu kwa miaka mingi M-Pesa ilishika zaidi ya asilimia 90 ya pesa za simu. Wa namna hiyo akiuvunja ukuta anapata nini? Mteja wake ana watu karibu wote ndani tayari. Ushindani ulifanya kazi Tanzania kwa sababu ushindani wenyewe ulikuwepo. Mahali usipokuwepo, huwezi kuutuma ujilete.

BARAKA: Hapo umenibana, sikatai. Lakini serikali nayo haiji na mkono mtupu. Julai 2021 hapa Tanzania ilianza tozo ya miamala. Muamala mmoja ulikatwa hadi shilingi 10,000 za serikali, juu ya makato ya kampuni. Mtu anatuma ada ya mtoto, anakatwa. Mtoto anatoa, anakatwa tena. Watu wakarudi kwenye noti. Wakala aliyekuwa anaishi kwa kamisheni alikaa chini ya mwamvuli anatazama barabara. Kelele zikapanda, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kushushwa. Serikali ikishaona mahali hela zinapopita, inatamani kusimama hapo.

MWANAISHA: Ile ilikuwa kodi. Kufungua soko ni kazi nyingine, tusizichanganye.

BARAKA: Kwenye karatasi ni mbili. Kwa yule mama anayetoa elfu kumi, anayekata ni mmoja tu.

MWANAISHA: Sawa, kisa cha kwetu kinauma zaidi. Mwaka 2017 kulikuwa na mjadala mkali, bungeni na kwenye magazeti, kwamba Safaricom igawanywe, M-Pesa iwe kampuni yake. Mjadala ukazimika. Na wakati huo serikali yenyewe ilikuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom! Faida ikipanda, gawio linaingia Hazina. Mimi siwezi kumwamini refa ambaye ana hisa kwenye timu moja. Hapo ndipo tulipopaswa kuanzia, kabla ya kubishana kama soko liachwe huru. Lilikuwa huru kwa nani?

BARAKA: Hilo nakuunga mkono bila masharti. Lakini kugawanya kampuni? Hapana. Utavunja kitu ambacho watu wanakitegemea kila saa.

MWANAISHA: Mimi bado nalitaka. Sikia kwa nini. Benki ikitaka mteja wake aangalie salio kwa simu ya kawaida, ile menyu ya kupiga nyota na reli inapita kwenye mtandao wa Safaricom. Kwa hiyo Safaricom inamuuzia mpinzani wake njia, na huku inashindana naye mwisho wa njia hiyohiyo. Benki ya Equity waliona hilo. Mwaka 2014 walikuja na laini nyembamba, kipande cha plastiki chenye chipu ambacho unakibandika juu ya laini yako uliyo nayo, simu moja ikawa na mitandao miwili. Safaricom ikapinga, ikasema si salama kwa wateja. Mamlaka ya Mawasiliano ikairuhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja. Hebu fikiria, benki kubwa namna ile inahangaika na kibandiko ili imfikie mteja wake mwenyewe!

BARAKA: Na mdhibiti hakugawanya kampuni yoyote pale. Aliruhusu mtu ajaribu. Udhibiti wa aina hiyo hata mimi nautaka: fungua mlango, halafu toka. Ajenti, kutumiana mtandao kwa mtandao, na tili, zile namba za kulipia dukani, ambazo Kenya ilianza kuziunganisha 2022. Yote hayo ni milango. Bei waachieni wenyewe.

MWANAISHA: Na mlango uliofunguliwa nusu je? Tangu 2011 Kenya unaweza kuhama mtandao na namba yako. Watu wangapi walihama? Wachache mno, kwa sababu ukihama, namba unabaki nayo lakini M-Pesa unaiacha nyuma. Mteja alipewa haki ya kuondoka bila pochi yake.

BARAKA: Hilo lingerekebishwa kwa kanuni ya ukurasa mmoja.

MWANAISHA: Basi iandikwe. Na mawakala mnaotusikiliza, wa Kenya na wa Tanzania, tutumieni ujumbe wa sauti mtuambie kamisheni zimekuwaje tangu milango hii ifunguliwe. Wiki ijayo tunaanza na ninyi.