Furu Karudi. Ngege Je?

PENDO: Mwangaluka wapendwa, karibuni. Leo tunaongelea furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na tunaanza na ujumbe wa msikilizaji wa Sengerema, mvuvi wa dagaa. Anasema: “Kila nikivuta wavu furu wamo. Hizo habari kwamba furu waliisha mnazitoa wapi?” Mabula, mjibu mwenzio.

MABULA: Mwangaluka mayu. Anasema kweli, na waliosema furu wameisha nao hawakudanganya. Katikati ya miaka ya 1980, Ghuba ya Mwanza yote hii, toka hapa mjini mpaka kule Busisi linakopita daraja sasa, ulikuwa unakokota wavu unapata sangara tu. Furu hakuna.

PENDO: Na kabla ya hapo?

MABULA: Kabla ya hapo lilikuwa ziwa la furu. Miaka ya mwanzo ya 1970 walipima samaki wanaoishi chini, wakakuta kama asilimia 80 ya uzito wote ni furu. Na usimwone furu mdogo ukadhani ni samaki mmoja. Ni aina kama 500. Kuna anayevunja konokono, kuna anayeparua mwani kwenye miamba, kuna anayekula magamba ya wenzake, kuna anayenyang'anya vifaranga mdomoni mwa mama yao.

PENDO: Mdomoni! Wasikilizaji wa Dodoma watadhani unawatania.

MABULA: Hawajamwona. Furu jike anatamia mdomoni. Ukimnasa akiwa na mzigo, ukimtupa ndani ya mtumbwi, anatema. Yale maji machafu yanayobaki chini ya miguu yako yanajaa vidude vyenye macho mawili meusi na kifuko cha njano tumboni, vinahangaika. Ndio watoto hao. Ni makumi tu, wakizidi sana wanafika mamia. Sangara jike mkubwa anamwaga mayai kwa mamilioni. Sasa wakikutana ziwa moja, nani anabaki?

PENDO: Ila sangara hakujileta.

MABULA: Aliletwa, upande wa Uganda, miaka ya 1950. Na kuna Mwingereza, Michael Graham, alipima ziwa hili mwaka 1927 na 1928, akaonya kabisa kwamba kuingiza samaki mla wenzake kama huyo ni hatari. Hawakumsikiliza. Halafu tusimtwishe sangara mzigo wote. Hapa hapa Mwanza, miaka ya 1970, tulikuwa na boti za kukokota nyavu na kiwanda cha kusaga furu awe chakula cha kuku. Ghuba ilishaanza kupungua furu kabla sangara hajajaa.

PENDO: Mimi nina ugomvi kidogo na hadithi ya furu. Nenda Mwaloni Kirumba, kaa na wazee wanaouza samaki pale, waulize wanamkumbuka nani. Hakuna atakayekutajia furu. Watakutajia ngege.

MABULA: Haya, sema.

PENDO: Ngege, ndugu wa sato lakini mwenyeji wa hapa, ndiye aliyekuwa samaki wa heshima wa ziwa hili. Sato tunayemwita “wetu” leo naye ni mgeni, kaletwa miaka hiyo hiyo ya 1950. Na ngege hakumalizwa na sangara! Nyavu za kisasa za makira ziliingia upande wa Kisumu mwaka 1905. Huyo Graham wako alipofika, ngege tayari walikuwa wanapungua kwenye nyavu. Akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Ikawa sheria, kisha miaka ya 1950 ikalegezwa. Watu wakashuka inchi 4, wakashuka tena. Kwa hiyo ngege alivuliwa na sisi, kwa mikono yetu, halafu sato na sangara wakamkuta yuko hoi.

MABULA: Nakubali. Lakini sasa sikia jambo ambalo huwa halisemwi kwenye vikao. Furu alirudi lini? Miaka ya 1990. Na miaka ya 1990 ndiyo viwanda vya minofu vilikuwa vinachemka, sangara anavuliwa usiku na mchana. Sangara alipopigwa, furu akapumua.

PENDO: Hapo ndipo wataalamu wanajikuna kichwa.

MABULA: Lazima wajikune! Maana sheria zetu nyingi zinamlinda nani? Sangara. Kipimo cha sangara, sentimita 50 kwenda juu. Operesheni ya 2018 ya uvuvi haramu, nyavu zikachomwa kwenye mialo, pale mitumbwi inapotua, watu wakalia, lengo sangara azaliane. Sikatai, minofu inaleta fedha za kigeni, na siku hizi bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, peke yake linaweza kuwa na thamani kuliko nyama. Ila mtu akisimama kwenye jukwaa akasema “turejeshe samaki wa ziwa letu”, mimi namuuliza: samaki yupi, mheshimiwa? Mla watu au mliwa?

PENDO: Ha! Mla furu.

MABULA: Mla furu. Huwezi kuwajaza wote wawili kwenye bwawa moja ukafurahi.

PENDO: Na hao furu waliorudi, ni wale wale?

MABULA: Si wote. Wengi waliorudi ni wala vijidudu vya kuelea na wala tope. Wavunja konokono na wale wanaokula samaki, wengi wao hawajaonekana tena. Hata waliorudi wamebadilika. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa tangu 1977, kwa hiyo wana samaki wa zamani kwenye chupa wa kulinganisha. Wamekuta matamvua ya baadhi yao yamekuwa makubwa zaidi, maana maji ya chini yana oksijeni ndogo kuliko zamani.

PENDO: Maji yameharibika. Mto Mirongo unapita katikati ya mji, kila mtu anajua unabeba nini. Na mbolea za mashambani, na udongo unaoporomoka. Mwani unastawi, ukioza unakula hewa ya samaki.

MABULA: Na kuna hasara nyingine, hii inaniuma. Furu jike anachagua dume kwa rangi. Kwenye miamba ya Kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, maji bado yanaonyesha, unakuta madume mekundu na madume ya bluu, kila jike na wake. Yule mwekundu, wanasayansi wamempa jina la Mwalimu Nyerere. Njoo ndani ya ghuba yetu kwenye maji ya tope: jike haoni vizuri, anachukua yeyote, aina mbili zinachanganyika zinakuwa moja ya kijivujivu. Hakuna aliyevua wala kula, aina imepotea tu. Kwa hiyo ukizuia nyavu haramu, kokoro na timba, lakini maji yakabaki uji, umefanya nusu ya kazi.

PENDO: Haya, turudi kwa ngege wangu. Yupo?

MABULA: Ziwani ni nadra mno. Lakini yupo kwenye maziwa madogo ya pembeni. Kenya kuna Kanyaboli, Siaya. Kwetu alipandwa hata bwawa la Nyumba ya Mungu. Mbegu haijapotea.

PENDO: Basi si wachukuliwe wamwagwe ziwani?

MABULA: Watakutana na sato, watazaana naye, baada ya muda una chotara. Na hao hao wa pembeni wako hatarini, maana watu wanapeleka vifaranga vya sato kila bwawa. Kinachowalinda ni mafunjo. Kwenye mafunjo mazito oksijeni ni haba, sangara hawezi kupita, ngege na furu wanavumilia. Mimi ningeanzia hapo: mafunjo yasifyekwe, na sato asipelekwe kwenye yale maziwa yenye ngege.

PENDO: Unajua nani anafyeka mafunjo? Mama mwenye jaruba lake la mpunga. Kokoro lilipopigwa marufuku 1994, aliyekosa mboga ya kuuza alikuwa mama. Mialo ikifungwa, anayekaa na chanja tupu ni mama. Sasa mafunjo nayo?

MABULA: Kwa hiyo tuache?

PENDO: Sijasema tuache. Nasema huyo mama aingizwe kwenye BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, kwa kura, si kwa kupika chai ya kikao. Yeye anajua ni kona gani ya mafunjo samaki wanazalia, kwa sababu anateka maji pale kila siku. Mchore naye mpaka, umwachie pa kulima. Ukimletea bango la “eneo la hifadhi” siku ya uzinduzi, usiku ule ule atalitumia kuni.

MABULA: Na atakuwa na haki.

PENDO: Hana haki, lakini atalichoma.