Chai Chungu na Sahani ya Wali

Mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wa Mtwara, nawashukuru kwa kufika, ingawa naona wengi wenu ni wale wale mlionisikia mara nyingi, na kwa hiyo habari za kongosho na insulini yake inayoshusha sukari ya damu sitazirudia. Leo nimekuja na mizani ya jikoni pamoja na sahani nne zilizonunuliwa saa tano hii, tatu kwa mamalishe na moja dukani, kwa sababu nimechoka kuulizwa kila siku kwamba mwenye ugonjwa wa sukari anunue chakula gani, na kila nikijibu kwa maneno matupu mtu anaondoka na jina la chakula, kisha anakila hadi sahani ing'ae.

Nianze na mzee mmoja wa Mikindani ambaye wachache hapa mmeshamsikia, na mnivumilie. Mzee huyu kila akipimwa sukari yake ilikuwa haishuki chini ya milimoli 13 kwa lita, na kila akiulizwa aliapa kwa Mola wake kwamba tangu aambiwe ana kisukari hajaonja sukari, kwamba chai yake anainywa chungu, na kwamba hata wajukuu wakimletea kashata anazirudisha. Hakuwa anasema uongo. Siku moja nikamwomba aje na chakula chake cha mchana kama anavyokinunua siku zote, akaja na wali wa nazi na maharage kidogo juu yake. Nikautenga wali peke yake na kuupima, mizani ikasoma gramu 400. Wali mweupe uliopikwa una wanga wa takriban gramu 28 katika kila gramu 100, kwa hiyo mbele yetu palikuwa na gramu 112 za wanga, na wanga huo ukishafika tumboni huvunjwa kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu, haubaki wali. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Nikachukua bakuli, nikahesabu vijiko 28 vya sukari, nikaliweka kando ya sahani yake, kisha pembeni nikaweka vijiko viwili alivyokuwa amevinyima chai yake miaka yote hiyo. Mzee alitazama bakuli, akatazama sahani, akaniuliza taratibu: «Kwa hiyo, mwanangu, chai chungu nimeinywa bure?»

Hakuinywa bure, na nilimwambia hivyo, lakini alikuwa ameziba tundu la sindano akaacha mlango wazi. Yapo mambo mawili ninayotaka myachukue katika kisa hiki, na la kwanza ni kwamba wanga hauna ladha ya utamu, kwa hiyo ulimi hauwezi kuwa kipimo. La pili ni kwamba vyakula viwili havilinganishwi kwa majina yake, bali kwa wanga uliomo katika sahani nzima unayoimaliza, na kwa kile kilichouzunguka wanga huo, yaani mboga, samaki, kunde na mafuta.

Najua atatokea mtu aseme kwamba bibi yake kule Newala alikula ugali wa muhogo tangu utoto na hakuwahi kuugua kisukari. Namheshimu bibi huyo, lakini alikwenda shambani kwa miguu, akapalilia, akabeba kuni na maji, na misuli inayofanya kazi huichoma glukosi, ilhali wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi na kupanda bodaboda hadi kwa mamalishe. Mwingine atasema muhogo ni chakula cha asili kisicho na kemikali, nami nitamjibu kwamba damu yako haiulizi wanga ulitoka shamba gani. Sahani ya pili hapa mezani, ukiacha ile ya wali, ni ugali wa muhogo na samaki. Mama aliyeusonga aliniambia ametumia unga wa gramu 150, na unga huo una wanga unaozidi gramu 80 katika kila gramu 100, maana yake ugali huu pekee unavuka gramu 120 na kuupita wali wa mzee wetu. Dona nayo ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, jambo ambalo nimelisema siku zote, lakini donge la dona lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto linabaki donge la wanga.

Sahani ya tatu ni chipsi mayai, ambayo ina mtego wake. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo ukipima saa mbili baada ya kula unaweza kuona namba nzuri na kujisifu, kumbe sukari bado inapanda na kilele chake kinakuja baadaye. Wali wa nazi nyingi nao una tabia hiyo.

Nafika dukani. Hii ni pakiti ya tambi za kuiva haraka, na kwa hesabu ya wanga ndiyo iliyo chini kuliko zote hapa, gramu 40 na kitu, na naona kijana pale mbele ameshaanza kutabasamu. Usitabasamu. Ndani yake hakuna samaki, hakuna mboga, nyuzinyuzi ni chache na chumvi ni nyingi, wakati wengi wenu mna presha pia, na baada ya muda mfupi utakuwa na njaa na kutafuta andazi. Sifa moja tu ninaipa pakiti, kwamba imeandikwa. Isomeni basi vizuri: tazama mstari wa kabohaidreti zote, yaani wanga pamoja na sukari, usiishie kwenye mstari wa sukari ulio chini yake, na uangalie kama namba ile ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima, kwa maana biskuti zinazojitangaza kuwa hazikuongezwa sukari bado zimetengenezwa kwa unga wa ngano.

Mimi kati ya hizi nne nanunua kwa mamalishe, kwa sababu pakiti huwezi kuibadilisha, lakini sahani ya mama inabadilika kwa maneno. Mwambie: «Mama, nipunguzie wali nusu, niongezee mbaazi na kisamvu, na samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi.» Mwanzoni atadhani unatafuta kupunguziwa bei, na mmoja wa Feri aliwahi kuniuliza kama nimegombana na mke wangu. Lipa bei ile ile, na wiki ijayo atakupakulia kabla hujasema. Mzee wa Mikindani alifanya hivyo hivyo, akabaki na gramu 56 za wanga wa wali badala ya 112, na mbaazi zikamjaza tumbo, kwani wanga wa jamii ya kunde huingia katika damu polepole. Saa mbili baada ya sahani yake ya zamani alipima 15, na baada ya sahani mpya akapima 10. Anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asipunguze hivyo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu dozi ile ile kwenye chakula kidogo inaweza kumshusha sukari kupita kiasi.

Nikizungumzia kushuka, naona muda unanitupa mkono. Sukari ikiwa chini ya 3.9, hapo wanga ndio dawa: vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, subiri dakika 15, pima tena. Vinywaji nilivitengea nusu saa na sasa nina sentensi moja, kwamba soda ya kola ya mililita 350 ina gramu kama 37 za sukari, na soda tatu ni karibu sawa na ule wali. Matunda na futari nayaahirisha.

Mama wa kanga ya bluu ameinua mkono tangu nilipotaja muhogo, na naona amekuja na ming'oko yake, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kwenye kikapu. Ilete hapa mbele, mama, tuiweke kwenye mizani kwanza, kisha utuambie huwa unakula mingapi.