Chagua mji kwanza, nyumba itafuata

Haya jamani karibuni, mliosimama mlangoni sogeeni mbele kuna viti, tuanze maana muda wenyewe mfupi. Leo tunaongelea familia inayotaka kutoka katikati ya jiji kubwa ikanunue nyumba ya kuishi kwenye mji mdogo wa pembezoni, na swali ni unauchaguaje huo mji. Nasema mji, nyumba tutaigusa kidogo tu. Watu wengi wanaanza na picha kwenye simu, jiko zuri, vyumba vinne, uwanja wa watoto, moyo unakuwa umeshahamia kule, alafu ndo wanauliza hivi hapa ni wapi na kazini nitafikaje. Mi naomba mgeuze huo mpangilio. Jiko utabomoa uweke lingine na chumba utaongeza hela ikipatikana, ila barabara ya kwenda jijini hutaisogeza, mto hutaugeuza, shule hutaihamisha, na majirani utawakuta walivyo.

Nitakaa sana kwenye muda wa njiani sababu hapa ndo familia zinaumia kimyakimya. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, akiendeleza kazi ya mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi, aliandika kwamba binadamu kwa wastani anatumia kama saa moja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi yote kwa pamoja. Enzi za kutembea kwa miguu miji ilikuwa midogo, zikaja tramu, zikaja treni, yakaja magari, miji ikatanuka na watu wakaenda kuishi mbali zaidi, lakini ile saa moja ikabaki palepale. Sasa we unanunua nyumba inayokudai masaa matatu kila siku na unajiambia nitazoea. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Zurich, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichambua takwimu za Ujerumani mwaka 2004 kuangalia hichohicho, maana kwa nadharia anayesafiri mbali lazima awe anafidiwa, kwa mshahara mkubwa au kwa nyumba nzuri ya bei nafuu, vinginevyo angehama. Walichokuta ni kwamba kadri safari inavyorefuka ndivyo kuridhika na maisha kunavyoshuka, fidia haitoshi.

Tupige hesabu wote. Mji A uko nusu saa mbali zaidi ya mji B kwa kila upande, ni saa moja zaidi kwa siku, mara siku 5, mara wiki 48 za kazi, unapata masaa 240 kwa mwaka. Hizo ni siku 10 kamili, usiku na mchana, umekaa kwenye kiti cha gari au cha treni. Na kama wazazi wote wawili wanafanya kazi jijini zidisha mara mbili, alafu ongeza gari la pili, mafuta, bima, matengenezo. Ule unafuu wa bei uliokuvuta kwenda mbali unaanza kuyeyuka hapo na bado hatujaongea nani atawahi kumchukua mtoto akiumwa shuleni mchana.

Kwahiyo usikubali dalali akupeleke Jumapili alasiri barabara zikiwa nyeupe. Nenda mwenyewe Jumanne, saa moja asubuhi, na usafiri uleule utakaoutumia, kuanzia mlango wa nyumba mpaka mlango wa ofisi, na jioni urudi vilevile. Hesabu pia dakika za kutafuta maegesho stesheni na za kusubiri treni. Uliza na kitu kingine ambacho watu wanakisahau, njia ya kutoka pale ni ngapi, sababu mji wenye reli moja na barabara moja, siku kimoja kikiharibika, wote mmekwama.

Shule. Najua wazazi wengi mmekuja kwa ajili ya hili. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alilinganisha nyumba za Massachusetts, Marekani, zilizo pande mbili za mpaka uleule wa eneo la shule, yaani nyumba iko upande gani ndo inaamua mtoto asome shule ipi, mtaa mmoja, majirani walewale, tofauti ni shule tu, akakuta wazazi walilipa kama asilimia 2.5 zaidi kwa shule yenye matokeo ya juu kwa asilimia 5. Maana yake shule nzuri imeshaingizwa kwenye bei ya nyumba, unailipia ukiijua usiijue. Basi hakikisha kweli uko upande sahihi wa mpaka, uliza kwa maandishi, na uulize kama kuna mpango wa kuusogeza. Na wastani wa mitihani usikutishe wala usikulevye, sehemu kubwa yake inaonyesha kipato cha wazazi wa pale, nenda ukaongee na walimu, angalia watoto wakitoka mchana wanaonekanaje.

Umri wa mtoto nao una uzito. Kulikuwa na jaribio Marekani kwenye miji mitano lililoanza 1994, familia maskini zilipewa msaada wa kodi ya nyumba kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo, na miaka mingi baadae mchumi Raj Chetty na wenzake walifuatilia wale watoto. Waliohama kabla ya miaka 13 walikuja kupata kipato cha juu kwa kama asilimia 31 wakiwa watu wazima, waliohama wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Zile ni familia za hali ngumu sana, hivyo msichukue asilimia hiyo mkaibandika kwenu, lakini mi nasoma pale kwamba kama ni kuhama basi hameni mapema, na kijana wa miaka 15 mwenye marafiki zake msimng'oe kwa ajili ya gereji tu.

Maji. Mkiambiwa eneo linapata mafuriko mara moja kwa miaka 100 msipumue. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ukikaa na mkopo miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26, zaidi ya robo! Tafuta ramani ya mafuriko kabla ya kutafuta rangi ya ukuta. Pitia na halmashauri uone lile shamba tupu mnaloliona dirishani limepangiwa nini, na kodi ya majengo imepanda vipi miaka ya karibuni.

Na tafadhali, angalieni kama mtoto wa miaka 12 anaweza kutembea mwenyewe mpaka maktaba au kwa rafiki yake bila kuvuka barabara ya magari ya kasi. Kama hawezi, mzazi mmoja atakuwa dereva mpaka watoto waondoke nyumbani, na bibi akija kuishi nanyi atakuwa mfungwa. Hili kwangu ni zito kuliko ukubwa wa uwanja, nalisema kwa nguvu zote.

Dada pale mbele ameuliza, mume na mke wasipokubaliana inakuwaje, mmoja anataka karibu na kazi mwingine anataka nafasi. Dada yangu, kila mmoja aandike wiki yake ya kawaida kwa miji yote miwili, anaamka saa ngapi, anarudi saa ngapi, nani anapika, nani anamchukua mtoto, alafu mbadilishane karatasi. Mara nyingi mnakuta mmoja ndo alikuwa anabebeshwa safari zote na hakuna aliyeliona. Mkishakubaliana mji, pangeni kwanza pale, muhula mzima wa shule, na ikiwezekana uangukie msimu mbaya kuliko yote wa mvua au baridi. Ndiyo mtahama mara mbili, ni usumbufu na ni hela, lakini mkataba wa kupanga mnauvunja kwa notisi ya mwezi au miezi michache. Anayefuata, kaka mwenye shati la bluu.