Kabla ya Kupandisha Kifurushi, Itazame Ruta

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja jioni hii.

Nianzie kwa shemeji yangu anayeishi Tabata. Kalipia faiba ya megabiti 200 kwa sekunde, na bado watoto wanarundikana sebuleni kwa sababu vyumbani mtandao haushiki. Alishaanza kuuliza bei ya kifurushi kikubwa zaidi. Nikachomeka waya kutoka kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, hadi kwenye kompyuta, nikapima kasi: megabiti 94. Nikarudia: 94. Namba hiyo mkiiona, msikimbilie kuilaumu kampuni ya mtandao. Ruta ile aliinunua mwenyewe, akavutiwa na antena zake nne, kumbe matundu yake ya waya mwisho wake ni megabiti 100. Hata angelipia 500, pale pasingepita zaidi. Kwa hiyo dukani ulizeni matundu ya gigabiti, yaani megabiti 1,000, antena baadaye.

Ulizeni pia kama inafaa laini yenu. Faiba huishia kwenye kisanduku cha fundi, na ruta hupokea waya kutoka hapo. Modemu ya laini ya simu ya shaba haina kazi hapo. Ruta ya kutumia kadi ya simu, hakikisheni haikufungwa kwa kampuni moja ya simu.

Sasa kuta, maana hapa ndipo wengi tunaumia. Ruta hurusha mtandao hewani kwa masafa ya mawimbi. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini yamejaa ruta za majirani. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila tofali na zege huyadhoofisha upesi. Chukueni ruta yenye yote mawili, muiweke katikati ya nyumba, juu, wazi. Ya shemeji ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya televisheni! Kwa nyumba ya ghorofa, vuteni waya hadi juu mfunge kifaa cha pili cha kurusha mtandao. Vile vinavyodaka mawimbi na kuyarusha tena hewani mara nyingi hula nusu ya kasi.

Umeme ukikatika je? Ruta nyingi hutumia volti 12, betri ndogo inatosha. Lakini kumbukeni na kisanduku cha faiba: kikizima, ruta itawaka bure.

Nywila ya kiwandani ibadilisheni siku hiyohiyo, na kwenye mipangilio ya ruta, aina ya usalama iwe WPA2 au WPA3.

Kwa shemeji tulibadilisha ruta, tukaitundika ukutani koridoni. Chumba cha binti yake sasa kinapata 130, anasoma mlango umefungwa.

Haya, mliopiga picha za ruta zenu sogeeni mbele, tusome maandishi ya nyuma pamoja.