Kumwandaa mwigizaji wa opera ya Beijing: kazi iko kichwani

Karibuni watazamaji. Leo tuko nyuma ya jukwaa la opera ya Beijing, ambayo wenyewe huiita jingju, na tutamwandaa mwigizaji mmoja kuanzia anapokaa mbele ya kioo mpaka anapoitwa na ngoma. Anacheza nafasi ya qingyi: mwanamke wa heshima, mke mvumilivu, mwimbaji kuliko mrukaji. Nawaambia mapema, wengi wakitazama sanaa hii hudhani ufundi wote uko kwenye rangi ya uso. Mimi nasema uko kichwani. Rangi ikienda vibaya unaifuta unarudia. Kichwa kikifungwa vibaya, aibu inatokea mbele ya watu.

Anza na nguo ya ndani. Mvalishe shati jepesi la pamba linalofunguka mbele. Usisahau hilo, kwa sababu kichwa kikishafungwa hakuna vazi litakalopitishwa juu yake tena. Nywele zake zirudishwe nyuma zibanwe na kitambaa, paji la uso libaki wazi.

Sasa subiri kidogo. Tazama kwanza kama mchekeshaji, yule anayeitwa chou, ameshashika brashi. Kwa desturi ya vikundi vya zamani, hakuna anayejipaka kabla yake. Inasimuliwa kwamba mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang ya China, aliyetawala kuanzia mwaka 712 hadi 756 na aliyeanzisha chuo cha wanamuziki cha Bustani ya Mipeasi, alipenda kujichezea uchekeshaji mwenyewe. Basi heshima ya mfalme ikabaki kwa chou: anapaka wa kwanza, na anaruhusiwa kukaa juu ya sanduku lolote la maleba. Wewe usijaribu kukalia.

Haya, rangi. Paka msingi wa mafuta wenye waridi hafifu uso mzima, ushuke mpaka shingoni. Chukua rangi nyekundu, ianzie kwenye kope za juu na pembeni mwa pua, kisha uisambaze kwa kidole kuelekea mashavuni mpaka usione inapoishia. Mgongo wa pua na katikati ya paji viache vyeupe, ndivyo vinavyoinua uso chini ya taa. Halafu poda. Bonyeza, usisugue, na usiwe bahili: poda ndiyo inayoyashika mafuta jasho linapoanza. Pangusa iliyozidi, ongeza wekundu mkavu juu yake, kisha wanja mweusi machoni na nyusi zilizopanda kuelekea kwenye panja. Mdomo uchorwe mdogo. Mikono nayo ipakwe weupe, maana itaonekana kila anaponyoosha vidole.

Tumefika kichwani. Simamisha video kama unahitaji kuandika.

Mkanda wa kwanza unapita kwenye paji la uso na kufungwa kisogoni. Kabla hujaukaza, weka vidole viwili kwenye ncha za nje za nyusi, vuta ngozi juu na nyuma, mkanda uikamate hapo hapo. Tazama macho: yamepanda, yamekuwa makali, na mwigizaji anaonekana mtu mwingine kabisa. Hakuna rangi inayoweza kufanya hivyo. Lakini hapa ndipo penye maumivu. Ukikaza kupita kiasi, kichwa kinapasuka kwa maumivu, kichefuchefu kinamjia, na wapo wanaotapika. Ukilegeza, mapambo yote yanaweza kudondoka katikati ya wimbo, na kwa watu wa jingju hilo ni kosa kubwa kweli. Kwa hiyo muulize, kaza, muulize tena. Wanafunzi huzoeshwa kukaa na mkanda huu muda mrefu kidogo kidogo, kabla hawajapewa hata mstari mmoja wa kuimba. Wewe unayejaribu nyumbani, usimfunge mtu akiwa peke yake, na akisema anaona giza, fungua mara moja.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo. Haya unayoyaona kwenye bakuli ni maranda ya mti yaliyolowekwa. Yametoa ute mzito kama wa bamia. Chukua vishungi vya nywele halisi, vilaze juu ya ubao, vipake ute huo, na uvichane kwa kitana mpaka vilale bapa na kung'aa. Hivi huitwa pianzi. Vifupi vizungushe viwe vikunjo vya duara, uvipange kwenye paji la uso, kimoja katikati na vingine kushoto na kulia kwa ulinganifu. Virefu viwili viteremke pembeni mwa mashavu mpaka karibu na taya. Ute ukikauka, havibanduki kirahisi.

Mbona mashavu yafunikwe? Kwa muda mrefu wa enzi ya Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, majukumu ya wanawake katika opera ya Beijing yalichezwa na wanaume. Mei Lanfang, aliyezaliwa mwaka 1894 na kuipeleka sanaa hii Marekani mwaka 1930 na Moscow mwaka 1935, alikuwa mwanamume aliyecheza wanawake. Shungi likisogezwa mbele kidogo, uso mpana unakuwa mwembamba. Likirudishwa nyuma, uso mwembamba unajaa. Kwa hiyo usinakili mahali ulipoona kwa mwingine. Pima uso ulio mbele yako.

Sasa funga nyuzi ndefu nyeusi zinazoning'inia mgongoni badala ya nywele, weka kifundo cha nywele za bandia kisogoni, kisha zungushia shashi nyeusi iliyoloweshwa maji. Inapokauka inajikaza yenyewe, basi usiivute kwa nguvu zako zote. Juu yake ndipo yanachomekwa mapambo, moja moja. Mke masikini au mjane hupewa ya vifungo vya fedha visivyo na mbwembwe. Mawe yanayometameta ni ya wasichana na wenye nazo. Ukichanganya, mzee yeyote aliyeketi mbele atajua.

Na maleba hali kadhalika. Watu wa masandukuni, yaani watunza maleba, wana kauli yao: afadhali vazi lililochakaa kuliko lisilo lake. Hapa sketi ya marinda inatangulia, joho linafuata. Mwisho kunjua mikono ya maji, yaani hariri nyeupe iliyoshonewa kwenye ncha za mikono ya joho, uikunje vizuri juu ya kiganja ili iteleze kwa mtikiso mmoja.

Ukimwona mtu mwenye uso mwekundu amekaa pembeni kimya, mpite. Huyo anacheza Guan Yu, jemadari wa kale anayeheshimiwa kama mungu, na desturi inamtaka asipige soga akishapakwa rangi.

Mpiga ngoma ndiye anayeongoza wapigaji wote, hivyo sikiliza yeye. Mwigizaji ataingia upande wa kushoto wa watazamaji. Mara nyingine mstari wa kwanza huimbwa akiwa bado nyuma ya pazia, kwa hiyo usimguse wala kumrekebisha wakati huo.

Akitoka, usikimbilie uso. Fungua kichwa kwanza: ondoa mapambo kwa mpangilio uleule ukirudi kinyumenyume, yarudishe kwenye kisanduku chake, kisha legeza mkanda taratibu. Pianzi vibandue kwa maji, vioshe, vichane, uvilaze ubaoni kwa ajili ya kesho. Ndipo upake mafuta usoni, usugue polepole mpaka rangi iyeyuke, ufute kwa kitambaa. Sabuni na maji ya vuguvugu ni mwisho, na usiruke nyuma ya masikio.