Tofali la Ihungo

SALIM: Karibuni tena jamani, Koku karudi. Pole na msiba dada.

KOKU: Asante, tumeshapoa. Baba mdogo tumemzika vizuri, na wote mlionitumia meseji nimezisoma kwenye basi, Mungu awabariki.

SALIM: Sasa hapo mezani umeweka nini? Mimi najua mtu akitoka Bukoba analeta senene.

KOKU: Senene sio msimu wake. Nimeleta tofali.

SALIM: Tofali. Kutoka Bukoba mpaka Dar.

KOKU: Nimelipakata njia nzima, konda akaniuliza dada hiyo ni dhahabu? Nikamwambia zaidi. Ni hivi, baada ya matanga tukapita kusalimia ndugu kule chini ya kilima cha Ihungo, naingia jikoni naona mafiga, mawili mawe, la tatu tofali jekundu kubwa. Nikauliza, wakasema hilo la shuleni, tuliokota kwenye kifusi walipobomoa majengo ya zamani baada ya tetemeko. Nikawatafutia jiwe lingine ndo wakaniachia.

SALIM: Kwa wasikilizaji wapya, Ihungo ndo ile sekondari baba yake Koku kasoma, ilianza kama shule ya wavulana ya Kanisa Katoliki, ikiitwa kwa jina la Mtakatifu Thomas More. Chini ya wamisionari wale wa Mapadri Weupe, si ndio?

KOKU: Ndio, hao hao walioanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazitaifisha shule za makanisa, Ihungo ikawa ya wote. Baba anasema kilichobadilika kwanza ni kibao cha jina, kengele ilibaki ile ile.

SALIM: Leo tulipanga mambo matatu, historia, ujenzi, na...

KOKU: Subiri, shika kwanza. Weka kidole hapa ubavuni.

SALIM: Aisee. Vidole vitatu.

KOKU: Aliyelifyatua alilibana likiwa bichi, alama zikabaki, likaingia tanuruni nazo. Wamisionari kanda ya ziwa yote walikuwa wanachomea tofali hapo hapo kwenye eneo, udongo wa pale, kuni za pale, na mikono ya wenyeji. Huyu mtu hatumjui jina ila mkono wake huu hapa.

SALIM: Kwa hiyo ukaona ulibebe.

KOKU: Ningeliachaje?

SALIM: Sasa ndo nashindwa kukuelewa, maana mwaka ule ule wa tetemeko la Kagera ulisema hapa hapa ni sawa wabomoe yote.

KOKU: Na leo nasema hivyo hivyo. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu mchana, ukubwa wa 5.9. Mtoto wa dada yangu alikuwa kidato cha tano pale. Ilikuwa mchana, Salim. Fikiria ingekuwa saa nane usiku watoto wamelala bwenini chini ya zile kuta.

SALIM: Nakuelewa, lakini mimi nimekulia saiti kwa mjomba, najua ukuta. Tofali likibebeshwa mzigo kutoka juu halina shida, hata miaka mia linakaa. Shida ni kusukumwa kwa ubavu, kona zinaachana, na ule ukuta wa pembetatu chini ya paa unalala nje kwa sababu hakuna kinachoushika. Hilo lina dawa. Unapitisha lenta, ule mkanda wa zege, juu kuzunguka jengo zima, unafunga paa na kuta kwa vyuma, nyufa unazijaza. Wangebakiza hata jengo moja, veranda yake na kila kitu, wakaliokoa.

KOKU: Jengo moja kwa hela gani? Watu 17 wamekufa mkoani, nyumba maelfu chini, Ihungo na sekondari ya Nyakato zimefungwa, wanafunzi wamehamishwa, halafu wewe unaokoa veranda?

SALIM: Veranda ile ndo kila mvulana wa pale alikaa mvua ikinyesha. Baba yako alisomea wapi sasa? Umuonyeshe nini mjukuu?

KOKU: Amuone mjukuu yuko hai. Uingereza ikasaidia, shule ikajengwa upya, Novemba 2017 Magufuli akaifungua, ina nondo, ina lenta, na mama yake analala usingizi.

SALIM: Vyote viwili vinawezekana.

KOKU: Kwenye bajeti ya nani?

SALIM: Koku, umebeba tofali kilomita zaidi ya elfu moja na unaniambia jengo halikuwa na maana?

KOKU: Sijasema halikuwa na maana. Nimesema mtoto asilale ndani yake.

SALIM: Sikubaliani.

KOKU: Usikubali.

SALIM: ... Fundi mitambo ananionyesha saa. Dakika mbili. Na tulikuwa tuseme mambo ya kuzingatia ukikarabati nyumba ya zamani, tumepanga matano kabisa.

KOKU: Hayo basi tena. Nirudishie tofali.

SALIM: Si tuliweke hapa studio?

KOKU: Hapana, jioni naenda Kimara kwa baba. Nimemwambia kwenye simu kuna zawadi, sijamwambia ni nini. Nataka aweke vidole vyake hapa.